Sentimita Kumi na Tisa za Mpwa Wangu

Hii ninayokusimulia hutaiamini, na sitakulaumu. Mimi mwenyewe, niliyewahi kuchomelea usukani wa meli huku meli inatembea, nikijisikia ninaisimulia najiona muongo. Ni habari ya mwanamke aliyekamata kosa la bandari nzima kwa kizingiti cha mlango wa stoo. Mwanamke mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Bandarini wanamwita Bi Sentimita. Mimi humwita Mama, kama mjomba yeyote anavyomwita mpwa anayemwogopa.

Kazi yake ukiiona kwa mbali utadhani ni ya mtu aliyekosa kazi. Mwisho wa gati la zamani kuna nguzo ya chuma imesimama majini, imepakwa rangi nyeusi na nyeupe kama pundamilia aliyekonda, na tarakimu zake zinaanza sifuri huko chini hadi mita tano huku juu. Mara tatu kwa siku anatembea mpaka pale na daftari lake, anachuchumaa, anaacha wimbi lipite, na jingine lipite, halafu anaandika maji yamefika wapi. Basi. Miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nikimwambia kwamba bandari inamlipa kutazama maji, kitu ambacho hata kunguru anakifanya bure. Naye hunijibu kwamba mimi nalipwa kutazama moto, na kunguru angalau ana akili ya kuukimbia.

Lakini usimcheke. Rubani wa bandari haingizi meli kabla ya kumuuliza Bi Sentimita. Mashine ya kuchimba mchanga chini ya maji haitumbukizi ndoo yake bila tarakimu zake. Na jinsi alivyoipata kazi hiyo ni kisa peke yake.

Aliingia bandarini kama mfagiaji wa ofisi, na cheti cha darasa la saba kwenye mfuko wa plastiki. Kazi ya nguzo ilikuwa ya karani mmoja mnene aliyekuwa hapatani na jua, wala mvua, wala ngazi. Karani huyo alikuwa anaandika vipimo akiwa kitini. Anatazama dirishani, anafikiri kidogo kama mtu anayechagua soda, anaandika. Mpwa wangu akafagia, akaona, akanyamaza. Akanunua daftari la shule, akawa anapita kwenye nguzo asubuhi na jioni na kuandika ya kweli, bila kuagizwa na mtu. Nilimuuliza anafanya hivyo kwa ajili ya nani. Akasema si kwa ajili ya mtu, ila roho yake inamsuta maji yakisingiziwa.

Miezi minne baadaye meli ya saruji ikakaa matopeni mchana kweupe, kwa sababu karani alikuwa ameandika maji yapo na maji hayapo. Kikao kikaitwa, karani akaapa kwa jina la mama yake. Mfagiaji akaweka ufagio chini, akatoa daftari la shule. Wiki iliyofuata karani alikuwa nyumbani na mama yake, na mpwa wangu alikuwa na kiti. Tangu siku hiyo sifa yake bandarini ikawa moja tu: yule mwanamke haandiki asichokiona.

Sasa sikiliza habari ya nguzo, maana ndipo na mimi ninapoingia.

Miaka minane iliyopita tishali la mizigo lilikatika kamba, likaja likaipiga nguzo ikalala majini. Wakati huo dada yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji, na mpwa wangu alikuwa hospitalini naye, analala kwenye kiti. Siku tisa hakuonekana bandarini. Mkuu wa bandari alikuwa na wakaguzi wanakuja Jumatatu, akataka nguzo isimame kabla yao. Kwa utaratibu, nguzo kama ile haisimamishwi hivihivi. Kuna msumari wa shaba umepigiliwa kwenye pembe ya ghala kuu, ndio mama wa vipimo vyote, na mpima ardhi anatakiwa aje na darubini yake ya miguu mitatu, achukue kimo kutoka kwenye ule msumari hadi kwenye nguzo. Mpima alikuwa likizo. Mkuu akauliza nani anaweza. Hapo bandarini, ukiuliza nani anaweza, kuna jina moja tu linalojibu, nalo ni langu.

Mimi hesabu sikusomea, nilijifunzia kwenye chuma. Nikatazama nguzo ya zamani ilivyolala: chaza walikuwa wameiganda kuanzia chini hadi kwenye mita mbili na nusu kamili, mstari umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Nikajiambia, chaza hapandi pasipofika maji, na chaza hajui kusema uongo. Nikaenda kwenye nguzo ya jirani, moja ya zile zinazobeba sakafu ya gati, nikaona mstari wake wa chaza. Nikaichomelea nguzo mpya, mita mbili na nusu ikalingana na mstari ule. Nikaipaka rangi. Iling'aa hata wakaguzi wakapiga nayo picha.

Mpwa wangu aliporudi alisimama mbele yake, akaniuliza kama nilipima. Nikamwambia nimepima. Akaandika kwenye daftari: nguzo imerudishwa na Mjomba. Akaweka sahihi.

Tukaishi hivyo miaka minane, kila mtu na kazi yake.

Halafu ukaja mradi. Gati la zamani limechoka, vyuma vyake vinaliwa na kutu, na mtaa wa bondeni nyuma ya bandari, ambako dada yangu na mpwa wangu wanakaa, unaingiwa na maji kila bamvua kubwa, bahari inapojaa kupita kawaida. Hayaji kwa fujo. Yanapanda kupitia mfereji, yanatokea jikoni kimyakimya kama mgeni asiyebisha hodi. Dada yangu miguu ya kitanda chake ameiwekea matofali mawilimawili. Wakubwa walitaka ukuta wa zege kuzunguka pwani yote. Injinia wa mradi, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa kuliko yeye, akakataa. Alisema ukuta mtupu hauli wimbi, unalitupia jirani, na mchanga wa chini unakokotwa hadi ukuta wenyewe unabaki unaning'inia. Akataka mikoko iliyobaki iachwe na mingine ipandwe, ivunje nguvu ya mawimbi, halafu nyuma yake lijengwe tuta, na gati jipya lenye sakafu ya juu zaidi. Tuta la kimo gani, gati la kimo gani, hilo linategemea bahari ikikasirika inafika wapi.

Na nani anajua bahari inafika wapi? Daftari kumi na nne zilizofungwa kwa utepe kwenye kabati la mpwa wangu.

Injinia alizisoma kama mtu aliyepewa chakula baada ya safari. Akasema mradi mzima utasimama juu ya daftari hizo. Akasema bandari mpya itakuwa na kituo cha vipimo, chumba chenye dirisha la kutazama maji, na mkuu wa kituo atakuwa mpwa wangu. Dada yangu aliutangazia mtaa mzima, pamoja na watu ambao hasemi nao.

Basi siku moja Injinia akamwomba kazi ndogo. Pembeni mwa kurasa zake mpwa wangu ana tabia ya kuandika vitu visivyoulizwa: leo maji ya rangi ya chai, leo kamba za meli zimelegea. Na kila maji yalipogusa kizingiti cha stoo ya kamba, pale mwanzo wa gati, aliandika, pamoja na kipimo cha nguzo cha saa hiyo. Injinia akataka hayo ya kizingiti yapangwe kwenye jedwali.

Mpwa wangu alikuja karakana kwangu siku ileile mchana. Nilikuwa nachomelea ngazi, maana mradi ulikuwa umenipa kazi ya ngazi zote za gati jipya, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Akasubiri nivue miwani. Akaweka karatasi juu ya fuawe. Kwa miaka kumi na mitatu, maji yaligusa kizingiti nguzo ikisoma mita tatu na sentimita sitini na mbili. Mara sitini na moja, mara sitini na tatu. Halafu kuna siku tisa tupu. Baada ya hapo, kwa miaka minane, maji yanagusa kizingiti kilekile kwenye tatu na arobaini na tatu.

Nikamwambia jambo ambalo bandari nzima tulikuwa tunalisema, kwamba stoo ile inazama, hata ukuta wake una ufa.

"Jengo gani linazama sentimita kumi na tisa kwa siku tisa, halafu linatulia miaka minane?" akasema. "Mjomba, ile nguzo uliisimamisha kwa kipimo gani?"

Nikamwambia kwa jicho la ufundi. Akasubiri. Nikamwambia kwa chaza.

Alinishika mkono kama mtu anayemvusha mzee barabara, akanipeleka gatini. Maji yalikuwa yamekupwa. Tukashuka ngazi mpaka kwenye nguzo za sakafu. Akanionyesha zile za nje, zinazopigwa na jua siku nzima: chaza wameishia hapa. Akanionyesha zile za ndani, chini ya sakafu, kwenye kivuli: chaza wamepanda hadi pale juu. Jua linawachoma, kivuli kinawalea. Nguzo ya vipimo ilikuwa ya juani. Mimi niliipima kwa ndugu yake wa kivulini. Akatoa rula yake, akaiweka kati ya mstari na mstari. Sikutaka kutazama, lakini tarakimu za rula ile ni kubwa.

Kwa hiyo nguzo yangu ilikuwa juu mno. Maji yakifika mita tatu na nusu kamili, nguzo inasema tatu na thelathini na moja. Miaka minane bahari ilikuwa inapunguziwa kimo, na tuta la kuukinga mtaa wa dada yangu lilikuwa linapangwa kwa kimo hicho kilichopunguzwa.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoanza kukonda.

Usidhani alikimbilia kusema. Angekuwa mtu wa kwenye hadithi angekimbia. Yeye alikaa wiki tatu. Aliniambia wazi anachokiogopa: akisema, watauliza mtu aliyeandika uongo miaka minane, nani atamwamini miaka kumi na mitatu ya kabla yake? Daftari zote kumi na nne zitatupwa, na yeye ndani yake. Asiposema, tuta litajengwa fupi, na siku bahari itakapokuja kudai kimo chake itapita jikoni kwa mama yake. Kila asubuhi aliisoma nguzo, akiandika tarakimu anayojua si ya kweli, kwa mkono uleule uliokataa kumfuata karani. Alisema kalamu imekuwa nzito. Dada yangu akadhani ni mapenzi, akaanza kuuliza ni nani.

Mimi nilifanya nini? Nilimtuliza, ndiyo kazi ya mjomba. Nilimwambia sentimita kumi na tisa ni kitu gani, ni kiganja na kidole kimoja.

"Ni matofali mawili ya kitanda cha mama," akasema.

Nikamwambia basi aongeze kimyakimya, aandike barua kwamba stoo inazama, Injinia ni mtu mwangalifu, ataongeza mwenyewe. Akasema karani naye alikuwa akitazama dirishani hivyohivyo kabla ya kuandika. Nilicheka, maana sikujua cha kufanya na uso wangu.

Wiki ya tatu wakapigilia vigingi kando ya mikoko, kila kimoja kimepakwa rangi nyekundu mahali kilele cha tuta kitakapofika. Nilimkuta jioni amesimama kando ya kimoja, ameweka mkono juu ya rangi, kisha anaunyanyua mkono kidogo, anausimamisha hewani. Vijana wa mradi walikuwa wanapita, wanadhani anasali. Kikao cha kutia sahihi vimo kilikuwa Alhamisi, na malori ya zege yangeanza Jumatatu.

Alhamisi hiyo nilikuwepo, kwa sababu ya ngazi zangu. Chumba cha ramani, meza ndefu, feni inayolalamika. Mkuu wa bandari alifungua kwa kumsifu mpwa wangu, akasema kama kila mfanyakazi angekuwa kama Bi Sentimita, bandari hii ingekuwa mbinguni. Injinia akafungua kalamu.

Mpwa wangu akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Msitie sahihi. Vipimo vyangu vya miaka minane vina upungufu wa sentimita kumi na tisa. Nguzo iliwekwa juu. Nimejua kwa wiki tatu, na sikusema."

Akaweka mezani jedwali la kizingiti. Injinia akalisoma mara mbili, kalamu akairudisha mfukoni. Mkuu hakusoma kitu. Yeye aliuliza swali moja: nguzo iliwekwa na nani?

Hilo nitalirudia. Kwanza nikwambie yaliyofuata, maana hayo ndiyo yaliyobaki.

Mpima ardhi aliletwa na darubini yake, akaanzia kwenye ule msumari wa shaba. Alishinda juani nusu siku, mpwa wangu amemshikia ubao wa kupimia mwenyewe. Jibu likatoka: kumi na tisa, na unywele. Vigingi vikapakwa rangi upya, juu zaidi. Tuta limejengwa kwa kimo chake cha haki, mikoko michanga imeshika mbele yake, na mwezi jana bamvua kubwa ilikuja, ikasimama chini ya kilele kiasi cha kiganja kimoja, ikageuka. Dada yangu aliamka sakafu yake kavu. Daftari za mwanzo Injinia alizitumia zote. Zile za miaka minane aliziongezea kumi na tisa, mstari kwa mstari, kizingiti kikiwa shahidi wake, na alisema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona mtu akijisahihisha kwa ushahidi wake mwenyewe.

Lakini maneno ya Injinia yanaishia kwenye zege. Barua ya kazi inatoka kwa mkuu, na mkuu aliandika kwamba mtumishi alipokea kifaa bila kukihakiki, akaweka sahihi, na alipogundua kosa akalificha wiki tatu. Kila neno ni kweli, ndiyo ubaya wake. Kile chumba chenye dirisha kimewekwa kisanduku cha umeme kinachopima maji na kutuma tarakimu chenyewe, hakichuchumai wala hakiuguzi mama. Mpwa wangu amehamishiwa stoo ya kamba. Anagawa kamba, anapokea kamba. Kiti chake kiko mlangoni, miguu yake juu ya kizingiti kilekile. Asubuhi kabla ya kufungua bado anapita kwenye nguzo, anachuchumaa, anaandika. Nimemuuliza anamwandikia nani. Hajibu siku hizi.

Dada yangu aliniuliza kitu siku ya barua. Aliniuliza mbona mimi hawakunigusa. Mbona ngazi bado ni zangu. Nilimwambia bandari inajua fundi wake, nikaaga mapema.

Leo mpwa wangu amekuja karakana. Ameniletea kitanda cha mama yake nikikatie miguu ya kuongezea, ya chuma, maana haamini tuta lolote tena, hata alilolipandisha yeye. Nimempa kigoda akae nyuma yangu wakati chuma kinapoa, na mimi namalizia kuandika hapa juu ya fuawe. Nasikia anavuta kigoda karibu.

Basi turudi kwenye lile swali la mkuu, najua unalisubiri. Aliuliza nguzo iliwekwa na nani. Feni ikalalamika. Mpwa wangu alikuwa ametazama meza, hakunitazama mimi hata kidogo. Hapo ndipo mimi, mtoto wa mama yangu, nilipokisukuma kiti nyuma, nikasimama mbele ya wahandisi arobaini na wakubwa wao, nikajipiga kifua, nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye meli zilizotia nanga nje, kwamba aliyeiweka nguzo ile ni mi—

"Mjomba," anasema nyuma ya bega langu, "walikuwa wanne. Na hukusimama."